Nani Aliwaambia Kwamba Watoto Wanatema?

Likizo iliyopita nilipangiwa kazi ya kichungaji Muze, chini ya Lyamba lya Mfipa. Mtu anayetoka Sumbawanga mjini amevaa koti hulivua kabla hajamaliza kuteremka mlima. Huko bondeni kuna joto, mpunga na mbu wa kutosha. Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya, bibi mmoja anayelea wajukuu wanne alinisimulia habari za malaria nyumbani kwake.

Zamani, alisema, mtoto akiugua walipewa vidonge vya dawa mseto vile vile vya watu wazima, ila kwa idadi ndogo. Alivisaga kati ya vijiko viwili, akavichanganya na uji wenye sukari. Mtoto alikunywa, akakunja uso, akatema. Bibi akabaki na swali ambalo hakuna wa kumjibu usiku ule: imeingia nusu au robo? Ampe tena au amwache? Siku hizi zahanati humpa vidonge vinavyoyeyuka katika maji kidogo, tena vina utamu, na mtoto hunywa bila vita. Kisha akaniuliza: "Hivi Frateri, hao wanaotengeneza dawa, nani aliwaambia kwamba watoto wanatema?"

Sikuwa na jibu jioni ile. Nilipopanda tena mlima nililitafuta, na nililolipata ndilo linalonifanya niandike. Jibu ni hili: waliulizwa watoto, tena watoto wa Tanzania. Kabla vidonge vile vya kuyeyusha havijatoka, watoto wa shule wenye afya hapa nchini walionjeshwa dawa yenye ladha tatu: stroberi, chungwa na cheri. Cheri ndiyo ikachukuliwa, ingawa ni tunda ambalo bibi yule hajapata kuliona sokoni. Baadaye vidonge hivyo vilijaribiwa kwa watoto wagonjwa 899 katika nchi tano, ikiwemo Tanzania Bara na Zanzibar, vikilinganishwa na vidonge vya kawaida vilivyosagwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: katika makundi yote mawili, zaidi ya watoto 97 kati ya 100 walipona. Mwaka 2009 dawa ikaanza kutolewa.

Tazama vizuri jambo hilo. Dawa ya kuua vimelea ilikuwapo tayari, na maabara ilikuwa imemaliza kazi yake. Kilichobaki ni kile alichokijua bibi wa Muze na vijiko vyake viwili, kwamba dawa iliyotemwa haimponyi mtu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hoja yangu ni nyepesi kuisema na ngumu kuitekeleza: anayelala juu ya kitanda cha ugonjwa aulizwe kabla utafiti wa dawa haujapangwa, wala isisubiriwe mpaka kila kitu kiwe kimeamuliwa.

Nieleze kidogo kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na mambo haya. Dawa mpya haiingii hospitalini moja kwa moja. Hujaribiwa kwanza kwa watu wachache, kisha kwa wengi zaidi, na mara nyingi kundi moja hupewa dawa mpya na jingine hupewa dawa ya zamani au kidonge kisicho na dawa ndani yake. Hapa kwetu utafiti wa namna hiyo hauruhusiwi kuanza bila kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mshiriki husomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kukataa au kujitoa wakati wowote. Hayo ni mema, na yamepatikana kwa uchungu wa watu wengi waliofanyiwa majaribio bila kuulizwa katika karne iliyopita.

Lakini fomu ya ridhaa hufika mwishoni. Ikifika mikononi mwa mama, tayari watu wengine wameshaamua nani ataingia na nani ataachwa, dawa itakuwa kidonge au sindano, damu itachukuliwa mara ngapi na kiasi gani, mgonjwa atasafiri kwenda kituoni kila wiki au kila mwezi, na kitakachohesabiwa kuwa ni kupona ni kitu gani. Mama anabakiwa na maneno mawili tu, ndiyo au hapana. Hakuna anayemuuliza, "Wewe ungeona ipangwe namna gani?" Kumheshimu mtu kwa kumwachia aseme ndiyo au hapana ni mwanzo mwema. Kumwalika kwenye meza ambako mambo yanapangwa ni hatua nyingine.

Mfano wa kichocho unaonyesha gharama ya kuchelewa kuuliza. Prazikwanteli, dawa ambayo watoto wetu hupewa shuleni baada ya kupimwa urefu kwa fimbo, imetumika kwa miongo mingi na inafanya kazi. Ila ni kidonge kikubwa, kichungu, na harufu yake haipendezi. Watoto wa miaka miwili au mitatu, wanaobebwa mgongoni kwenda mtoni na kuogeshwa kwenye maji yale yale yenye vimelea, hawakuwa na dawa iliyotengenezwa kwa ajili yao. Kwa miaka mingi hawakuhesabiwa hata katika ugawaji. Kila mama aliyewahi kujaribu kumpa mtoto mdogo kidonge kile alijua tatizo, lakini mama hakuwa mtu wa kuulizwa.

Walipoamua kutengeneza dawa ya watoto wadogo, mojawapo ya mambo waliyofanya ni kuwaonjesha watoto wa Tanzania wa miaka 6 hadi 11 na kuwaomba waonyeshe kwenye kipimo chenye picha za nyuso, kuanzia uso wenye furaha hadi uso uliokunjamana, jinsi walivyoiona ladha. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2018, na dawa mpya iliishinda ile ya zamani kwa ladha. Baada ya majaribio mengine Kenya na Ivory Coast, Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuikubali. Nafurahi. Lakini najiuliza ni watoto wangapi wa ukanda wa maziwa walikua na kichocho tumboni katika miaka yote ile, wakati jibu la swali la kwanza lilikuwa midomoni mwa mama zao.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, maana unaonyesha kwamba pasipo sauti ya mgonjwa hata sayansi yenyewe inapotoka. Mwaka 2011 ulisimamishwa utafiti mkubwa uliohusu wanawake 2,120 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania. Mojawapo ya vituo vyake vilikuwa Bondo, karibu na Ziwa Viktoria. Walitaka kujua kama kidonge kimoja kila siku kinaweza kumkinga mwanamke asiambukizwe Virusi vya UKIMWI. Waliopewa dawa walioambukizwa walikuwa 33, na waliopewa kidonge kisicho na dawa walioambukizwa walikuwa 35. Ni kama hakukuwa na tofauti. Je, dawa haifai?

Wanawake walipoulizwa, karibu 95 kati ya 100 walisema wanameza vidonge kama walivyoelekezwa. Damu ilisema jambo jingine: waliokutwa na dawa mwilini hawakufika 40 kati ya 100. Wengi walichukua vidonge kituoni na hawakuvimeza. Watafiti walirudi baadaye, wakakaa na baadhi ya wanawake hao na kuwasikiliza bila kuwahukumu. Hapo ndipo maneno ya kweli yalipotoka. Wengine waliogopa madhara. Wengine hawakujiona kuwa hatarini. Wengine walikatishwa tamaa na watu wa karibu, au waliogopa kwamba wakionekana na vidonge vile wataitwa wagonjwa wa UKIMWI. Wengine waliona haina maana kumeza kidonge ambacho hawajui kama kina dawa ndani yake.

Sisemi kwamba watafiti wale walikuwa wazembe, wala kwamba hawakuzungumza na jamii. Nasema kwamba maneno mazito kuliko yote yalikuja baada ya utafiti kufa. Na siwalaumu wanawake kwa kusema uongo. Nani kati yetu hajawahi kumwambia daktari kwamba amemaliza dozi, huku vidonge vitatu vimebaki kwenye pakiti nyumbani? Maskini akiwa mbele ya mtu mwenye koti jeupe, gari na posho ya nauli, hujifunza haraka jibu linalotakiwa. Kama utaratibu wote umejengwa ili mgonjwa ajibu, naye hana nafasi ya kuzungumza, atatoa majibu mazuri na ukweli ataurudisha nao nyumbani.

Linganisha na utafiti mwingine uliofanyika Kenya na Uganda karibu wakati huo huo, kwa dawa za aina hiyo hiyo. Huo ulihusu wanandoa 4,747 ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012: maambukizi yalipungua kwa asilimia 67 kwa waliopewa dawa moja, na kwa asilimia 75 kwa waliopewa dawa mbili katika kidonge kimoja. Wengi walimeza, na walipozungumza na watafiti ilionekana kwamba ndoa yenyewe ilikuwa sehemu ya tiba. Wenzi walikumbushana na kutiana moyo, na dawa ikawa njia ya kulinda nyumba yao isivunjike. Dawa ilikuwa ya aina moja, maisha ya watu ndiyo yaliyotofautiana. Maisha hayo hayaonekani kwa hadubini, inabidi mtu ayasimulie.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba mgonjwa si mwanasayansi: mkulima wa Muze atajuaje namna ya kugawa makundi au kukokotoa idadi ya washiriki? Hatajua, na hakuna anayemwomba afanye hivyo. Mwenye nyumba humwachia fundi hesabu ya nondo na saruji, lakini mlango utazame wapi na jiko likae wapi, hayo husema mwenyewe, kwa sababu ndiye atakayeishi humo. Pingamizi la pili ni la fedha na muda. Kuuliza kunachelewesha, na wagonjwa wanasubiri dawa. Hilo ni kweli. Lakini utafiti wa wanawake 2,120 uliosimamishwa bila jibu ulichukua muda na fedha kiasi gani? Kuuliza mapema ni nafuu kuliko kujuta.

La tatu linatoka kwa watu wetu wenyewe: "Mtaalamu anajua, sisi tufuate tu." Hili linanisumbua kuliko yote mawili, maana linavaa vazi la unyenyekevu na wakati mwingine ni woga. Katika Injili ya Marko, sura ya 10, Bwana wetu anakutana na Bartimayo kipofu kando ya barabara ya Yeriko. Kila mtu aliyekuwapo aliona anachohitaji. Hata hivyo Yesu, anayejua yote, alimwita na kumuuliza anataka afanyiwe nini. Kabla ya hapo umati ulikuwa umemkemea anyamaze. Ndani ya tukio moja tunaona njia mbili za kumtendea mgonjwa, na sisi tunaoandaliwa kwa utumishi hatuna ruhusa ya kuchagua ile ya umati.

Kanisa limelifundisha hili kwa maneno mengine pia. Septemba 1952, Papa Pio XII akizungumza na madaktari alieleza kwamba faida ya sayansi peke yake haitoshi kuhalalisha kila jaribio juu ya mwanadamu, na kwamba daktari hana mamlaka juu ya mgonjwa kupita yale ambayo mgonjwa mwenyewe amempa. Dunia ya tiba nayo imesogea. Tamko la Helsinki la mwaka 1964, ambalo madaktari wa dunia hulitumia kama msingi wa maadili ya utafiti, lilifanyiwa marekebisho Oktoba 2024. Sasa linawaita wanaofanyiwa utafiti washiriki, na linataka wao na jamii zao washirikishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake.

Nasi wa Ufipa hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Hospitali ya Dk. Atiman pale Sumbawanga ina jina la Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, na kufika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alikuwa daktari na katekista huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakufanya majaribio ya dawa kama haya ya leo. Lakini daktari anayekaa na wagonjwa wale wale zaidi ya miaka 60, akioa kwao na kuzeeka kwao, hana haja ya kubahatisha jinsi wanavyoishi. Mtafiti wa leo ana mkataba wa miaka mitatu. Kwa kuwa hawezi kukaa miaka 60, basi na aulize.

Sasa turudi bondeni. Tuseme kesho watafiti wanafika Muze na mpango wa kujaribu dawa mpya ya malaria. Wangesikia nini kama wangekaa na watu kabla ya kuuandika mpango huo? Wangesikia kwamba wakati wa kupandikiza na kuvuna mpunga familia nyingi huhamia mashambani, na mgonjwa aliyepangiwa kurudi kituoni siku ya 28 hatapatikana kijijini. Wangesikia kwamba mvua zikikolea barabara hubadilika, na nauli ya kiangazi haitoshi masika. Wangesikia hofu ya kutolewa damu, na kwamba neno "mumiani" halijafa. Afadhali mtafiti alisikie mapema, aeleze wazi kiasi cha damu na kinakokwenda. Wangesikia kwamba anayetia sahihi pengine ni baba, lakini anayekesha na mtoto ni bibi. Na wangeulizwa swali ambalo fomu nyingi hulipitia haraka: dawa ikionekana inafaa, itafika kwenye zahanati yetu, au tutaisikia redioni?

Hapa Kanisa lina kitu mkononi. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukutana kila wiki, nyumba kwa nyumba, na wajane, vijana na wagonjwa hukaa humo kwenye mkeka mmoja. Watafiti wengi huunda kamati ya ushauri ya jamii, na hilo ni jema, lakini mara nyingi viti vyake hujazwa na sisi: paroko, shehe, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu. Sisi si wagonjwa. Tukiitwa, jambo la kwanza tuseme ni kwamba kiti hiki ni cha yule aliyewahi kuugua au kuuguza, na ikiwezekana awe mwanamke, na asiachwe asiyejua kusoma.

Lakini nitoe tahadhari juu yetu wenyewe. Paroko akitangaza utafiti altareni kwa sauti ile ile anayotangazia zaka, muumini atadhani kukataa ni dhambi. Mimbari isitumike kukusanya washiriki. Kazi yetu ni kuwasaidia watu waelewe, waulize, na wakitaka kukataa wakatae wakiwa na amani. Jumuiya inayomfundisha mama kusema hapana bila woga inamsaidia hata mtafiti, kwa sababu ndiyo ya mama huyo itakuwa ndiyo ya kweli, na vidonge atakavyosema amemeza atakuwa amevimeza.

Ninayoyaomba ni machache. Wanaopanga utafiti wa dawa nchini waonyeshe, wanapoomba kibali, ni wagonjwa gani waliulizwa na walibadilisha nini katika mpango. Kama hawakubadilisha chochote, tujue pia. Wanaotoa vibali waisome sehemu hiyo kwa uzito ule ule wanaousomea hesabu za dozi. Na sisi katika seminari, tutakaotumwa kesho kwenye vigango ambako zahanati iko mbali na padre yuko karibu, tujifunze mapema namna ya kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize.

Nikirudi Muze nitamtafuta yule bibi nimpe jibu lake. Nitamwambia kwamba watoto waliulizwa, wakajibu kwa nyuso zao, na wakubwa wakasikia. Najua ataniuliza jingine, maana ndivyo alivyo. Nadhani atataka kujua mbona yeye hakuulizwa, ilhali alikuwapo muda wote na vijiko vyake viwili.